Dakika Kumi na Moja

Mashine yenyewe ni ringi ya baiskeli ya Chiwanga,
mota ya feni iliyovunjika mapanga,
na mkanda wa cherehani.
Huzunguka mara moja kwa dakika,
taratibu, kama taya la ng'ombe acheuaye.
Juu yake sahani sita za kioo, jeli ya mwani,
na ndani ya jeli punje za uwele
alizonifungia mama kwenye pindo la khanga, kule Mvumi,
akisema: kapande.
Sikumwambia napanda wapi.

Nilimwambia baadaye, kwa simu:
wapo watu wanaoishi juu, ndani ya chombo kisicho na chini,
maji yao hayamwagiki, huelea,
nasi huku Ng'hong'hona twataka kujua
uwele ukiota kule utaweka wapi mguu.
Akanyamaza. Kisha: "Na mvua yao hutokea upande gani?"
Nikaliandika swali pembeni mwa daftari.
Lipo mpaka leo.

Katika ncha ya kila mzizi mna chembe za wanga.
Hutua, kama mashapo ndani ya mtungi,
na mzizi huzisoma: chini ni huku.
Kazi yangu ni kuzivuruga zisitue,
kuisahaulisha mbegu ardhi.
Kazi ya ajabu kuifanyia Dodoma,
mji uliopata jina, wasemavyo, kwa tembo
aliyekanyaga tope, akadidimia.

Usiku wa Alhamisi, saa saba na robo, umeme ukakatika.
Upepo wa Julai ulikuwa ukichapa mabati,
vumbi likipita chini ya mlango bila hodi.
Siku nne za kazi zilikuwa juu ya ringi ile.
Nikaishika kwa mkono.

Mzunguko mmoja, dakika moja.
Nikahesabu kwa saa ya simu; simu ikazima.
Nikahesabu kwa mapigo ya moyo; moyo ukanikimbia.
Nikahesabu kwa mwendo wa kutwanga, kama nyumbani,
mchi juu, mchi chini,
nikajicheka gizani: mchi nao huanguka.
Bega likawaka. Nikabadili mkono.
Mimi, Sechelela Ndahani, mwaka wa tatu, ada nusu haijalipwa,
nilikuwa anga zima
la punje thelathini na sita.

Umeme ulirudi saa kumi na moja, pamoja na jogoo.

Jumatatu tukaiweka mizizi chini ya hadubini.
Imetawanyika: huu umekwenda juu, huu kando,
huu umejisokota kama mgeni aliyepotea soko la Majengo.
Lakini yote, yote thelathini na sita,
mahali pamoja kwenye urefu wake
ina kikunjo kidogo, kama goti la mtoto,
kuelekea palipokuwa sakafu.
Daktari Lechipya akapima, akakokotoa,
akanitazama juu ya miwani.
"Hapa ringi ilisimama. Dakika kumi. Tuseme kumi na moja."

Nami nilidhani nimepepesa macho tu.
Kumbe dunia haikuhitaji zaidi ya hapo.
Ilipita chini ya mlango, ikamwambia kila mmoja neno lake,
ikatoka.

Nilisubiri aseme tuzitupe, tuanze upya.
Akasema: andika.
Kwenye jedwali, safu ya maelezo, kwa kalamu ya wino,
nikaandika: *mtafiti alisinzia*.
Ndiyo sentensi pekee katika ripoti yote
ambayo hakuisahihisha.

Jioni mama akapiga.
"Zimeota?"
Zimeota.
"Zimetazama wapi?"
Kila upande, mama. Ila niliposinzia, zilitazama chini.
Akacheka mpaka akakohoa,
akauliza kama nimekula.